Mkutano wa Dharura ni Haki ya Wanakijiji



Maoni yangu leo yanawahusu ninyi wa Natta Mbiso, Makundusi, Nyichoka, Nyakitono na Robanda. Vijiji vyenu vitano vilitenga sehemu ya ardhi yake na kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, pembeni mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo. Mjini, wenye nyumba wa mtaa mmoja huunda chama, wakachangia mlinzi na taa za barabarani, na ugomvi wa michango ukizuka huitana kikao cha dharura. Ninyi pia mna chama cha namna hiyo. Tofauti ni kwamba mnachosimamia pamoja ni mbuga, maji na wanyama wanaopita humo, na wanaowalipa ni wawekezaji wa utalii.

Palipo na mali ya pamoja pana maswali. Mgawo wa kijiji umekuja kiasi gani, na umejenga nini? Mpaka wa eneo lililotengwa unapita wapi hasa, huku kwenye majani ya ng'ombe au kule ng'ambo ya korongo? Nani aliukubali mkataba mpya? Simtuhumu mtu yeyote. Nasema maswali ya namna hii yana mahali pake pa kuulizwa, na mahali hapo si kilabuni wala kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane.

Mahali pake ni mkutano mkuu wa kijiji. Tangu Sheria ya Vijiji ya 1975, na baadaye Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya 1982, kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Hakuna kadi wala kiingilio, na haulizwi ukoo. Mkutano wa kawaida unatakiwa ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Katikati ya miezi hiyo, likitokea jambo lisiloweza kungoja, unaitishwa mkutano wa dharura.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea njia. Mwananchi akikerwa na jambo la jumuiya, hukimbilia ofisi ya jumuiya, akasimama mlangoni na wenzake kumi, wakapaza sauti, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kumbe kikao cha jumuiya si chake moja kwa moja. Anayeketi kule ni mjumbe aliyetumwa na kijiji. Basi mwenye nguvu juu ya mjumbe ni kijiji kilichomtuma. Mkutano wa dharura wa kwanza uwe wa kijiji chenu wenyewe: mjumbe aitwe, aeleze alichosikia na alichokubali kwa niaba yenu, aulizwe, kisha apewe maagizo yaliyoandikwa. Akienda kwenye kikao cha jumuiya, ataongea kwa kauli ya kijiji kizima. Na vijiji viwili au vitatu vikifanya hivyo, wajumbe wao wana msingi wa kudai kikao cha dharura cha jumuiya yenyewe, kwa utaratibu uliowekwa kwenye katiba yake. Katiba hiyo iliandikwa ili isomwe. Ombeni nakala.

Kanuni za 2002 zilizozaa jumuiya hizi ziliweka mgawanyo ambao kila mwanakijiji alipaswa kuujua kwa moyo: angalau nusu ya mapato ya jumuiya kwenda vijijini, angalau asilimia 15 kurudi kutunza rasilimali yenyewe, na angalau asilimia 25 kuimarisha jumuiya. Kanuni zimefanyiwa marekebisho tangu hapo, kwa hiyo swali la kwanza kwenye mkutano wa mapato liwe hili: leo mgawanyo ukoje, na sisi tumepata ngapi? Swali hilo likijibiwa kwa karatasi ya benki, nusu ya ugomvi huwa umekwisha.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo haki za watu zinapopotelea. Andikeni barua kwa mwenyekiti wa kijiji. Iwe na ajenda moja. Mkichanganya mapato, mpaka, mwalimu mkuu na kisima kibovu, mkutano utaisha jua likizama bila uamuzi hata mmoja. Wekeni majina na sahihi, na wasiojua kuandika waweke dole gumba. Nakala mpelekeeni mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu, na mtendaji wa kata. Msiitishe mkutano wenu wenyewe chini ya mwembe mkauita mkutano mkuu, hata kama mna hasira ya haki. Mtakuwa mmempa anayewakwepa sababu ya kuufuta, na maneno yote mazuri yaliyosemwa pale yatakuwa bure.

Siku nayo ni jambo la kufikiria. Mkutano ukiwekwa siku ya mnada, wafugaji hawapo. Na wakati mazao yanakomaa, mkulima wa mpakani halali nyumbani kwake. Anakesha shambani na tochi na debe akifukuza tembo. Saa mbili asubuhi ndipo anapoweka ubavu chini. Mkutano ukiwekwa saa hiyo, anakosekana mtu mwenye hoja nzito kuliko wote, yule ambaye ekari zake zimelaliwa na tembo na bado anafuatilia kifuta jasho chake. Wekeni alasiri, na tangazo lipite kila kitongoji mapema.

Mkoani Mara tulijua kukutana kabla ya sheria yoyote ya serikali. Wakuria wana iritongo, mkusanyiko unaosikiliza wizi wa mifugo na ugomvi mwingine. Wanatta na Waikoma wana marika yao ya saiga, na wazee wa rika walikuwa na usemi mkubwa juu ya nchi yao. Nauheshimu urithi huo, na mgogoro wa familia mbili unaweza kabisa kumalizwa na wazee. Lakini mikusanyiko ile ilikuwa ya wanaume. Mjane anayedai shamba aliloachiwa na mumewe alisemewa na shemeji, pengine huyo huyo anayelitaka shamba. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji mjane huyo ana kauli sawa na mzee yeyote, na mwenyekiti akimruka anavunja haki yake.

Kuhusu ardhi hasa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeifanya halmashauri ya kijiji kuwa mdhamini tu. Haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu kwanza. Ugomvi wa shamba kwa shamba una Baraza la Ardhi la Kijiji, la watu saba, watatu kati yao wanawake. Tangu 2021 baraza la kata nalo limebaki na kazi ya kusuluhisha tu. Ikishindikana ndani ya siku 30, shauri linaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkifika huko, kumbukumbu ya kichwani haitoshi. Karatasi inayotafutwa ni muhtasari: nani alihudhuria, nini kiliamuliwa, nani alisaini. Nawasihi sana, msitawanyike kabla katibu hajasoma kwa sauti uamuzi alioandika, kila mmoja akasikia kama ndivyo mlivyosema.

Nawageukia wenyeviti mliochaguliwa Novemba 27, 2024. Najua barua ya namna hii inavyoweza kuonekana kama njama ya wapinzani wako. Pengine mmoja wa walioisaini aligombea na wewe. Hata hivyo amekuja kwa barua na jina lake, mchana, ofisini kwako, na anaomba jambo ambalo sheria inalitambua. Usiifiche kwenye droo ukingoja hasira zipoe. Igonge muhuri wa kupokelewa, andika tarehe, mrudishie nakala yake, kisha mwite mtendaji mpange siku.