Taka Hatarishi za Nyumbani: Moto, Shimo na Mfereji

Taka hatarishi za nyumbani ni mabaki ya vitu vya kila siku vyenye sumu, au vinavyoweza kulipuka, kuunguza ngozi au kumchoma mtu. Betri za tochi na za sola, balbu zilizoungua, makopo ya dawa ya mbu, rangi iliyobaki baada ya ujenzi, oili chafu ya gari, vidonge vilivyopita muda na sindano za mgonjwa wa kisukari zote zimo. Kwa uzito ni sehemu ndogo tu ya taka za familia. Hata hivyo, katika miji mingi ya Afrika Mashariki hutiwa kiroba kimoja na maganda ya ndizi, ama huchomwa uani, hutumbukizwa chooni au humwagwa mferejini. Njia hizi tatu za mwisho zimezoeleka, na kila moja huirudisha sumu kwa watu kwa namna yake.

Moto wa uani ni hafifu mno kwa kazi ya kuteketeza sumu. Matanuri ya kuteketeza taka hatarishi huendeshwa kwa joto la nyuzi 850 za Selsiasi au zaidi, ilhali rundo la taka uani hufukuta chini ya hapo. Plastiki yenye klorini, kama ile ya mabomba na maganda ya nyaya za umeme, ikifukutishwa hivyo hutoa dioksini, sumu ambayo nchi zilizoridhia Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 zimeahidi kuipunguza. Dioksini hutua kwenye majani na udongo, kuku na ng'ombe wakaila, ikajikusanya katika mafuta ya mayai na maziwa. Metali nazo haziteketei: zebaki hugeuka mvuke, na sehemu kubwa ya risasi hubaki kwenye majivu, ambayo mara nyingi humwagwa kwenye tuta la mchicha. Kopo la dawa ya kupuliza laweza kulipuka motoni hata likidhaniwa tupu.

Shimo la choo huaminiwa kwa sababu kilichotumbukia hakionekani tena. Ganda la betri huliwa na kutu na vilivyomo huvuja polepole. Pwani na visiwani, ambako maji ya ardhini hayako mbali, choo na kisima cha jirani huweza kukutana chini kwa chini. Antibiotiki zilizotupwa humo huwapa bakteria nafasi ya kuizoea dawa. Mfereji huieneza sumu kwa haraka zaidi, na una hatari ya ziada ya kuchanganya vitu: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikikutana na asidi ya kusafishia choo, hutoka gesi ya klorini, inayoweza kuua ndani ya chumba kidogo.

Kati ya taka zote hizi, betri ya risasi na asidi, ya gari au ya sola, ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na maji yake ni asidi ya salfa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu. Ndiyo maana wavuvi huweza kuyeyusha sahani za betri kuukuu katika sufuria na kumimina chubwi za mishipi yao hapohapo uani. Vumbi hutua kwenye mikeka, kwenye vyombo na kwenye vidole vya watoto wanaotambaa. Tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 ya kiasi kinachofyonzwa na mtu mzima, na madhara yake kwa ubongo hayarekebishiki. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kuwa salama.

Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, umelipa gharama ya sumu hiyo. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi kando ya nyumba za watu mwaka 2007, kikafungwa mwaka 2014 baada ya wakazi kupambana kwa miaka. Phyllis Omido, aliyewaongoza baada ya mwanawe kukutwa na risasi mwilini, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya; baada ya uamuzi huo kutenguliwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu iliurejesha mwaka 2024. Betri zilizoyeyushwa pale zilikuwa zimetoka kwenye magari na nyumba za kawaida.

Balbu za kubana matumizi zina zebaki kidogo, kwa kawaida isiyozidi miligramu 5. Moja ikivunjika, madirisha hufunguliwa na watu hutoka kwa dakika 10 au 15. Ufagio hautumiki, maana hutawanya zebaki. Vigae huzolewa kwa karatasi ngumu, sakafu ikapanguswa kwa kitambaa kibichi, na vyote vikafungwa kwenye mtungi wenye mfuniko. Chupa ya kiuatilifu husuuzwa mara tatu na maji yake hurudishwa kwenye bomba la kupulizia, kisha hutobolewa ili isije ikachotewa maji. Sindano hukaa kwenye chombo kigumu chenye mfuniko na hupelekwa zahanati kabla hakijajaa. Mafuta ya taa hayawekwi kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto aliyeyanywa asitapishwe, kwa kuwa yakiingia mapafuni hudhuru zaidi. Apelekwe hospitali mara moja.

Swali gumu ni wapi pa kuzipeleka taka hizi. Tanzania ilitoa kanuni za taka hatarishi na za taka za kielektroniki mwaka 2021, na sheria ya Kenya ya mwaka 2022 inawabebesha watengenezaji na waagizaji wajibu wa bidhaa zao hadi zinapokuwa taka. Huo ndio mwelekeo wa haki, kwani anayepata faida kwa kuuza betri ana uwezo mkubwa zaidi wa kuikusanya kuliko mama wa nyumbani. Vituo vya kukusanyia bado ni vichache, kwa hiyo familia hulazimika kuzitunza nyumbani: sanduku moja lenye kifuniko, juu, pakavu, mbali na jiko na watoto. Betri za simu hufunikwa ncha kwa utepe zisije zikagusana na kuwaka.

Betri ya asidi husimamishwa wima na kurudishwa dukani mpya inaponunuliwa, au huuzwa kwa mkusanyaji mwenye kibali. Nchini Tanzania kibali hicho hutolewa chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Maji yakimwagika, hunyunyiziwa magadi kidogo kidogo mpaka povu likome. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayetaka maji ya betri yamwagwe kwanza ili apime risasi tupu asiuziwe.