Nani Atamtibu Mtoto?

Jioni hii twende Nyakatuntu, katika nchi ya migomba na kahawa iliyokuwa sehemu ya Karagwe hata Kyerwa ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Tuseme mtoto amelala na homa. Nani atamtibu?

Wageni wengi hudhani kwamba mtu wa shamba huchagua mara moja tu, ama mganga, ama daktari. Sivyo hata kidogo. Kwanza bibi huchuma majani ya mubirizi, ule mti mchungu mno, akayaponda na kumnywesha mjukuu maji yake. Homa isiposhuka, baba hutuma vidonge dukani. Hapo hakuna aliyemkana daktari. Watu wanajaribu lililo karibu, kama tufanyavyo sisi sote.

Jambo kubwa ni jina la ugonjwa. Ukiitwa homa, njia ya zahanati i wazi. Lakini mtoto akikakamaa na macho yakigeuka, shauri hubadilika. Katika sehemu nyingi za Tanzania hali hiyo huitwa degedege, na wazee wengi wameshika kwamba ni kazi ya pepo, na kwamba sindano itamwua mtoto. Basi huitwa kwanza omufumu, yaani mganga. Kumbe mara nyingi ni malaria iliyozidi, na saa zinazopotea ndizo zinazoua.

Tusiwacheke. Omufumu ni jirani. Huja usiku, huuliza habari za nyumba nzima, na pengine hungojea ujira wake mpaka mgonjwa apone. Hospitali ya Nyakahanga au ya Isingiro ni safari, na nauli iko mkononi mwa baba, ingawa aliyekesha ni mama. Kwa kanuni za serikali, mtoto aliye chini ya miaka 5 hatozwi fedha katika zahanati zake. Walakini kanuni hiyo haimlipi mwenye pikipiki.

Wala majani si upuuzi. Kwinini ilitoka katika ganda la mti wa Marekani ya Kusini. Na dawa mseto, iliyoanza kutolewa kwetu mwishoni mwa mwaka 2006, asili yake ni mmea wa Kichina, uliompatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini hizo zimepimwa. Kikombe cha bibi hakijapimwa.

Sheria ya mwaka 2002 huwataka waganga waandikishwe. Vema. Mimi nimtakaye zaidi ni yule amwambiaye mama usiku ule ule: “Mwanangu, huyu mpeleke zahanati sasa hivi, mimi nitakuja kesho kumtazama.”