Kwa Nini Bahari Hujenga Mawe Mafia Wala Haijengi Rufiji

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Mbeya na Iringa)



Yamkini wengine wenu mmestaajabu kusikia kwamba jioni hii tutasema habari za bahari, hali sisi twakaa juu ya milima, na wengi katika watu wetu huzaliwa na kuzeeka pasipo kuonja maji ya chumvi. Twaomba mtuvumilie, kwa kuwa jambo lenyewe laanza hapa hapa kwetu.

Tuanze na Songwe, upande wa magharibi wa mji wa Mbeya. Huko maji ya moto hutoka chini ya ardhi, na kila yapitapo huacha ukoko mweupe. Na kwa miaka mingi sana ukoko ule umekuwa mwamba mkubwa wa chokaa, ambao watu huuchimba kwa kazi ya saruji. Sababu yake si ngumu. Maji yakiwa bado chini, yamebanwa, hushika ndani yake hewa ile tuitoayo puani, iitwayo hewa ukaa, na maji yenye hewa hiyo yaweza kuyeyusha chokaa hata isionekane kwa macho. Yakifika juu, hewa hutoka kama itokavyo katika chupa ya soda iliyofunguliwa, nayo chokaa ikikosa cha kuishika hujitenga na kutua. Mwenye kuchungulia ndani ya birika lake la kuchemshia maji amekwisha kuona Songwe ndogo.

Basi bahari nayo ni maji yaliyoyeyusha chokaa, na kanuni ni ile ile. Maji ya baridi hushika hewa ukaa nyingi. Maji ya vuguvugu huiachilia. Ndiyo maana katika vilindi vya Bahari ya Hindi vilivyo vya chini mno, makombe ya viumbe vidogo yaangukayo kutoka juu huyeyuka yote, na sakafu ya bahari pale haina chokaa bali udongo tu. Lakini katika maji machache yenye jua, chokaa iko tayari kutengana na maji kwa sababu ndogo tu. Na sababu hiyo, kwa sehemu iliyo kubwa, ni viumbe hai: kome, chaza, namna za mwani wenye chokaa mwilini, na kupita wote, matumbawe.

Tumbawe si jiwe tangu asili yake. Ni kijinyama kidogo, laini, kijijengeacho nyumba ya chokaa. Kikifa nyumba hubaki, na wenziwe hujenga juu yake. Ndani ya mwili wake huishi mimea midogo sana ambayo humlisha, nayo haiishi bila nuru. Kwa hiyo mjenzi huyu ana masharti makali kuliko fundi yeyote mliyepata kumwajiri. Ataka maji yasiyopoa chini ya nyuzi 18 kwa muda mrefu, na hupendezwa zaidi na nyuzi 23 mpaka 29. Ataka chumvi ya kutosha. Ataka maji maangavu, ili jua limfikie. Wala hataki tope limwangukie, kwani hufunikwa akafa.

Mtu aweza kudhani kwamba bahari ikiwa ya nchi za joto, basi yatosha. Haitoshi. Katika pwani ya Dhofar, kule Oman, ambako wako wenye kusema Kiswahili kama sisi, jua ni kali kweli kweli; walakini wakati wa kusi upepo huyasukuma maji ya juu yakaiacha pwani, na maji ya baridi hupanda kutoka vilindini kushika mahali pake. Maji hayo yana rutuba nyingi, samaki hunenepa, na mwani mkubwa huota juu ya mawe. Lakini matumbawe, ingawa yako, hayajengi miamba mirefu kama ya kwetu. Pwani ya Somalia hupatwa na jambo lilo hilo. Hivyo upepo ule ule uliokuwa ukirudisha majahazi Arabuni ndio uamuao wapi bahari ijenge na wapi isijenge.

Pwani yetu imebahatika. Mkondo wa bahari hutoka kusini kwenda kaskazini mwaka wote, nao huleta maji ya vuguvugu, maangavu. Kwa hiyo tangu Mtwara na Kilwa mpaka Tanga, na kando ya Unguja na Pemba, miamba ya matumbawe imejengwa kwa wingi. Mchanga mweupe wa Paje na Jambiani si mchanga kama ule wa mto Ruaha. Ni vipande vya matumbawe, makombe na mwani wa chokaa. Sehemu yake imepita tumboni mwa samaki aitwaye pono, ambaye huuma mwamba, akausaga, akatoa mchanga. (Yeye ndiye yule yule mwenye sifa ya usingizi, twaona watu wamemdhulumu, kwani mchana hufanya kazi sana.) Miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita chache, na miamba iliyojengwa wakati ule sasa i nchi kavu. Mawe ya namna hiyo ndiyo yaliyojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na chokaa ya kuyaunganisha ilipatikana kwa kuchoma matumbawe.

Sasa chukueni ramani mwitazame pwani kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Hapo pana pengo. Mbele ya midomo ya Rufiji hapana miamba ya maana. Pana tope, na msitu wa mikoko ulio mkubwa kupita yote ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Mvuke bahari kiasi cha kilomita 20 tu, mfike Mafia: upande wa magharibi, uelekeao mto, maji ni ya ukungu na matumbawe ni machache, upande wa mashariki, uelekeao bahari kuu, iko miamba mizuri ambayo kwa ajili yake serikali ilifanya pale hifadhi ya bahari ya kwanza ya Tanzania, mwaka 1995. Joto ni moja, jua ni moja, upepo ni mmoja. Lililotofautiana ni maji ya mto.

Na maji hayo ni ya nani? Si ya Rufiji peke yake. Mbarali, Kimani na Chimala hushuka kutoka milima ya Mbeya na Kipengere, huingia uwanda wa Usangu, na kutoka huko kwa jina la Ruaha Mkuu. Ruaha Mdogo hupita hapa Iringa. Mito ya ukingo wa Mufindi na ya Njombe huenda Kilombero, na Kilombero huupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Ni kweli kwamba si mito yetu yote iendayo huko: ile ya Songwe yaishia ziwa Rukwa, nayo ya Rungwe huenda Nyasa.

Hapa pana jambo la kufikiri. Mto hupeleka baharini vitu viwili. Cha kwanza hakionekani: ni chokaa iliyoyeyuka kutoka mawe ya milimani, na bila mito ya dunia bahari isingekuwa na cha kujengea. Cha pili ni tope, ambalo humfukuza mjenzi. Mlima wenye miti na nyasi hutoa cha kwanza kwa wingi na cha pili kwa uchache. Mteremko uliolimwa kutoka juu kwenda chini, pasipo matuta ya kukinga, hugeuza hesabu hiyo.

Desturi ya ofisini ni kuukomesha mto mpakani mwa wilaya, na kumbukumbu zetu hufungwa hapo. Lakini tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya wanyama, kwa sababu ya maji yachukuliwayo juu, hasa kwa mashamba ya mpunga ya Usangu. Na mvua ikija, mafuriko hubeba udongo mwekundu wa mashamba. Si kwamba udongo wote hufika pwani: mwingi hutua katika majani ya Ihefu, mwingine Mtera, na mwingine Kidatu, ambako umeme ulianza kutolewa mwaka 1975. Na tangu Desemba 2022, lilipoanza kujazwa bwawa la Julius Nyerere katika korongo la Stiegler, tope la mito yote mitatu, Kilombero, Luwegu na Ruaha, hukutana na ukuta kabla ya kuiona bahari.

Msiseme kwamba sasa matumbawe yatafurahi. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Mafia yaligeuka meupe yakafa, bila tope lolote. Hewa ukaa izidiyo angani, itokayo viwandani na katika magari ya dunia nzima, huingia baharini pia, na kuyafanya maji yawe mazito zaidi kuiachilia chokaa. Na ile mikoko ya Rufiji husimama juu ya tope. Ikikosa tope jipya mawimbi hula ukingo wake, na kamba wazaliwao katika mizizi yake hupungua. Kwa hiyo mvuvi wa Mafia ataka udongo wetu ubaki shambani, naye mvuvi wa midomo ya Rufiji hataki ukome kabisa kumfikia. Wote wawili wana haki, na hakuna hata mmoja kati yao aitwaye katika mikutano igawayo maji ya Usangu.

Bwana Mwenyekiti, ramani ya mito tumeileta, nayo iko mezani. Wenye maswali tutawasikiliza.