Kimeng'enya Katika Jani la Chai

Chuma jani bichi la chai, lisugue viganjani, kisha subiri. Litageuka hudhurungi. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kilichomo ndani ya jani, kikisaidiwa na oksijeni ya hewani. Kiwandani, joto la kikaushio hukizima.

Vimiminika vingi vya kemikali pia hudhoofisha vimeng'enya. Lakini mwaka 2000 wanasayansi walionyesha kwamba baadhi ya vimeng'enya hufanya kazi ndani ya vimiminika vya ioni, yaani chumvi zinazoyeyuka chini ya nyuzi 100 za Selsiasi. Chumvi hizo hazitoi mvuke ovyo kama petroli. Hata hivyo, baadhi ni sumu kwa viumbe wa majini. Tuzipokee kwa kuzipima kwanza. Mito yetu isiwe maabara.