Kodi Si Gharama Yote ya Nyumba



Mtu atafutaye nyumba ya kupanga Nairobi, Mombasa au Nakuru huuliza kwanza, "Kodi ni kiasi gani?" Swali hilo ni jema, lakini halitoshi.

Kabla ya kukabidhiwa ufunguo, mpangaji kwa desturi hulipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana, ambayo mara nyingi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Basi nyumba ya shilingi 7,000 yaweza kudai shilingi 14,000 siku ya kuhamia, mbali na gari la kuchukulia vyombo. Kisha kila mwezi huja umeme, maji, uzoaji wa taka na ujira wa mlinzi.

Natufanye hesabu ya mfano. Nyumba ya kwanza kodi yake ni shilingi 7,000, lakini iko mbali, na nauli ya kwenda kazini na kurudi ni shilingi 120. Kwa siku 26 za kazi, nauli ni shilingi 3,120. Maji nayo hununuliwa: mitungi minne kwa siku, kila mmoja shilingi 10, ni shilingi 1,200 kwa siku 30. Jumla ni shilingi 11,320. Nyumba ya pili kodi yake ni shilingi 9,500, maji yakiwa ndani yake, na mtu huenda kazini kwa miguu. Iliyodhaniwa kuwa ghali yamwachia shilingi 1,820 kila mwezi.

Jambo jingine ni mapatano. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, huwalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na liko baraza maalumu la kuamua magomvi yao. Anayelipa zaidi ya hapo hutegemea sana mapatano yake na mwenye nyumba. Kwa hiyo yaandikwe: amana itarudishwa lini, nani atatengeneza bomba likipasuka, na notisi ya kuhama ni ya muda gani. Usilipe kabla ya kuiona nyumba na kumjua mwenyewe, na kila ulipapo, dai stakabadhi uihifadhi.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Fanyeni hesabu kabla ya kuhamia, wala si baada ya kuhamia.