Majina ya Mahali na Vibao Vyake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na waalimu huko Kidatu)



Tumeombwa tuseme machache juu ya mila na urithi wa bonde letu la Kilombero. Mtu akisikia neno urithi, mara hufikiri ngoma, mavazi, na mikuki ya babu zake. Hayo yote ni urithi, wala hatuyadharau. Lakini leo twataka kunena habari ya urithi mmoja ambao watu huupita kila siku bila kuutazama, nao ni jina la mahali lililoandikwa juu ya kibao kando ya njia. Sisi makarani kazi yetu ni kuandika majina, ya watu na ya nchi, kwa hiyo jambo hili latuhusu sana.

Tutoke hapa Kidatu twende mpaka Ifakara, tusome vibao. Hapa petu kuna bwawa la Mto Ruaha Mkuu, lenye mitambo ya umeme tangu mwaka 1975, na nguvu yake ni megawati 204. Hapa pia reli mbili hukutana: ile itokayo Kilosa, ambayo upana wake ni milimeta 1000, na ile ya TAZARA, ambayo ni milimeta 1067. Mbele yetu twaona Sanje na Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa. Twaona Msolwa mbili: moja yaitwa Msolwa Stesheni, na ya pili Msolwa Ujamaa. Tukikaribia Ifakara twakuta Signali, kisha Kibaoni. Na mjini kwenyewe kuna mtaa uitwao Viwanja Sitini.

Basi tazameni, ndugu, jinsi majina haya yalivyo kitabu kizima cha historia. Neno Stesheni latuambia kwamba reli ilifika. Neno Ujamaa latukumbusha siasa ya vijiji iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, watu walipokusanywa wakae pamoja. Signali ni neno la kigeni lenye maana ya ishara. Viwanja Sitini ni hesabu ya mpima ardhi iliyogeuka kuwa jina la watu. Na Kibaoni maana yake ni mahali penye kibao. Kibao chenyewe kiliandikwa nini, nacho kilisimikwa na nani? Kila mtoto wa Kibaoni yafaa amwulize babu yake swali hilo wakati babu angali hai.

Huenda mtu akasema, "Jina ni jina tu, litatusaidia nini?" Twamjibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni habari ya ardhi. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, magomvi ya mashamba hupelekwa kwanza mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji ili watu wapatanishwe. Mzee anapotoa ushahidi hapo hasemi kwa hesabu za ramani. Husema, "Mpaka wetu watoka kijito fulani, wapanda kilima fulani, washuka kwenye mti fulani." Jina ndilo shahidi wake. Sasa ikiwa mzee ataja kijito kwa jina la zamani, na kijana mpinzani wake akijua kwa jina la shamba la miwa tu, wataelewanaje? Na mzee akifa bila kuandikiwa, ushahidi wake umezikwa pamoja naye. Watu wengi wamepata hasara ya shamba, si kwa kuwa hawakuwa na haki, bali kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuonyesha mahali palipotajwa.

La pili ni habari ya heshima. Mwaka 1979 wataalamu wa wanyama walimtambua katika misitu ya Udzungwa kima ambaye hakuwa amejulikana katika vitabu vyao, nao wakampa jina la Sanje. Leo jina la kijiji hiki husomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Hali kadhalika hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1992 imeitwa kwa jina la milima ya Udzungwa, nalo ni jina la Wadzungwa waliokaa katika milima hiyo. Wageni hutoka mbali kuja kutazama maporomoko ya Sanje. Je, si aibu mgeni akimwuliza mwenyeji maana ya jina la kwao, naye mwenyeji anyamaze?

Tena tujue kwamba kibao peke yake hakiwezi kulihifadhi jina. Wadachi walipotawala nchi hii, Lushoto waliiita Wilhelmstal, Kasanga wakaiita Bismarckburg, na Tukuyu wakaiita Neu-Langenburg. Majina hayo yaliandikwa juu ya ramani na mihuri ya posta, yakaungwa mkono na serikali yenye askari. Leo yako wapi? Yamepotea, maana hayakuingia vinywani mwa wenyeji. Lushoto limebaki, Kasanga limebaki, Tukuyu limebaki. Kwa hiyo kibao bila kinywa ni ubao mtupu. Na kinywa bila kibao chaweza kusahau. Viwili hivi vyahitajiana.

Lakini twataka kutoa onyo. Kibao kisigeuzwe kuwa ua la kuwafukuza wengine. Bonde hili ni la Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena, Wahehe na Wavidunda. Tena watu wengi wamekuja kutoka kila upande wa nchi kwa ajili ya miwa, reli na mpunga. Hata Wambunga, ambao leo twawahesabu kuwa wenyeji kabisa, waliingia bondeni katika karne ya 19, wakati wa vita vya Wangoni. Basi nani atasimama aseme kwamba yeye peke yake ndiye mwenye mahali? Mtoto wa mkata miwa aliyezaliwa Kidatu, Kidatu ni kwao. Wahenga wamesema, mkataa kwao mtumwa. Nasi twaongeza kwamba asiyefundishwa habari za kwao hatujampa nafasi hata ya kupakataa au kupakubali.

Sasa tufanyeje? Twashauri mambo matatu, nayo hayana gharama kubwa.

Kwanza, jina liandikwe kama linavyotamkwa. Mara nyingi Mang'ula huandikwa Mangula, na alama ile ndogo huachwa. Mtu atadhani ni kitu kidogo. Lakini sauti ya ng' katika neno ng'ombe si sauti ya ng katika neno ngoma, na kila mwalimu hapa awafundisha watoto hivyo. Karani akikosea mara moja katika daftari, fundi wa vibao hunakili, na baada ya miaka mingi mgeni humsahihisha mwenyeji katika jina la nyumbani kwake! Kabla ya kupaka rangi, mwenyekiti na awaite wazee wawili watatu walitamke jina mbele ya fundi.

Pili, chini ya jina uandikwe mstari mmoja wa maana yake au sababu yake. Katika nchi ya Wales, huko Uingereza, vibao vya barabara huandikwa kwa lugha mbili, Kiwelisi na Kiingereza, na hakuna msafiri anayepotea kwa sababu hiyo. Nasi twaweza kufanya mfano huo. Hapo Ifakara, daraja lililofunguliwa mwaka 2018 limepewa jina la aliyekuwa Rais, Magufuli. Ni heshima, wala hatuna neno juu yake. Lakini kabla ya daraja watu walivuka kwa kivuko, na kabla ya kivuko kwa mitumbwi, na Wandamba ndio waliosifika kwa kuujua mto huo. Mstari mmoja juu ya kibao ungetosha kuwakumbuka wavushaji wale, na jina la Rais lisipungue hata kidogo.

Tatu, kila shule iwe na daftari la majina. Watoto watumwe kwa wazee, wakaulize majina ya vijito, vilima, miti mikubwa na vivuko, waandike na jina la lugha ile iliyotumiwa. Wazee wawili wakitofautiana, maneno ya wote wawili yaandikwe. Mwalimu asifanye ukadhi. Nakala moja ikae shuleni, na ya pili katika ofisi ya kijiji, mahali pasipofikiwa na mchwa wala mvua. Siku magomvi ya mpaka yatakapotokea, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko maneno mengi.

Waalimu, kazi hii ni yenu kwanza, maana watoto wako mikononi mwenu. Wazee, msiwachoke watoto watakapokuja na kalamu zao. Waketisheni, muwaeleze taratibu. Nasi makarani tutaandika kama mtakavyotamka, bila kuongeza wala kupunguza. Msimu wa mvua ukiisha na njia zikikauka, watoto waweza kuanza kutembea.