Jumapili Nakuru: Pa Kwenda, na Namna Maji Yalivyobadilisha Njia



Nakuru ilipata hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Wageni huja kila mwisho wa juma kutazama maziwa, kreta na wanyama wa kaunti hii. Mwenyeji wa Rhonda au Kaptembwo, kwa upande wake, mara nyingi huijua Mbuga ya Ziwa Nakuru kwa ua wake tu. Hupita kando ya nyaya akienda kazini, akaona nyati upande wa pili, akaendelea na safari.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni hofu ya gharama, na hiyo ina dawa. Ya pili ni kwamba mahali pengi hapako tena jinsi wazazi walivyosimulia, kwa kuwa maji yamehama. Anayetoka na watoto siku ya Jumapili bila kujua hilo anaweza kurudi amekasirika. Kwengine anaweza asirudi kabisa.

Pa kuanzia ni Hyrax Hill, kilomita 4 hivi kutoka katikati ya jiji, kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi. Matatu hushusha abiria karibu na njia ya kuingilia. Mary Leakey alianza kuchimba hapo mwaka 1937, mahali pakatangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 1943, na makavazi yakafunguliwa mwaka 1965 ndani ya nyumba iliyokuwa ya mkulima. Yaliyopatikana ni makaburi, vyungu, vifaa vya mawe ya obsidia, na mashimo mapana ambayo wafugaji wa kale walijengea mazizi. Watoto, hata hivyo, hupenda zaidi mashimo madogo yaliyochongwa juu ya mwamba: ni bao, lile lile wanalocheza wazee chini ya mti. Hakuna aliyelibeba kwenda kulihifadhi kabatini. Liko pale juani, na mtu anaweza kuinama akalitazama.

Anayepanda hadi kileleni huliona Ziwa Nakuru likiwa limetanda chini. Miaka elfu tisa au kumi iliyopita, maji yale yalifika chini ya kilima chenyewe. Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja kubwa, na Hyrax Hill ilikuwa ufukweni. Hilo linafaa kukumbukwa kabla ya kuteremka mbugani, kwa sababu wengi hudhani ziwa lilikuwa na mpaka wake wa haki na sasa limeuvuka.

Mtu wa miaka 40 hivi amekwisha kuliona ziwa hili kwa sura mbili. Katikati ya miaka ya 1990 lilikaribia kukauka, upepo ukazoa vumbi jeupe la magadi. Kisha, kuanzia mwaka 2010 hivi, maji yakapanda mwaka baada ya mwaka. Ziwa lililokuwa na ukubwa wa kilomita mraba 40 hivi likapita 60. Lango kuu la zamani la mbuga na ofisi zake vikaingia majini, ikabidi njia ya kuingilia ihamishwe. Barabara iliyolizunguka ziwa ikakatika. Migunga iliyokuwa kivuli cha magari ya watalii imesimama majini ikiwa mikavu. Huko nje ya ua, familia za Mwariki na Barut zilipoteza nyumba na mashamba. Wataalamu hutaja kwanza mvua nyingi, halafu udongo unaoletwa na mito ya Njoro, Makalia na Nderit kutoka Mau ya Mashariki, ambako msitu ulikatwa. Ziwa halina mto wa kutoa maji nje. Kinachoingia hukaa humo hadi jua likinyonye.

Hapa ndipo swali la flamingo linapojibiwa. Kila mgeni huuliza wako wapi, na wenyeji huona aibu kujibu. Flamingo mdogo hula mwani unaostawi katika maji yenye magadi makali. Maji ya mvua yakizidi, magadi hupungua nguvu, mwani hupungua, na ndege huhamia Bogoria au mbali zaidi. Hawakufukuzwa na mtu wala hawajaisha. Maji yakirudi kuwa makali, wao pia hurudi kidogo kidogo. Anayewataka kwa wingi leo aulize kwanza hali ya Bogoria, katika kaunti jirani ya Baringo.

Lakini mbuga si flamingo peke yake, na kuipima kwa ndege mmoja ni kuionea. Tangu miaka ya 1980 imekuwa hifadhi ya vifaru, weusi na weupe, na si rahisi kwenda mahali pengine Kenya ukawaona kwa urahisi hivyo. Kuna twiga wa Rothschild, simba, msitu wa miti ya euforbia upande wa mashariki, maporomoko ya Makalia upande wa kusini, na genge la Baboon Cliff ambako nyani humpokonya mtu ndizi mkononi bila kumwomba radhi.

Kuhusu gharama: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hupokea malipo kupitia eCitizen, si fedha taslimu langoni. Raia hulipa kiwango chake, kilicho chini sana ya kile cha mgeni wa kutoka nje, ila lazima aonyeshe kitambulisho. Wapo wanaofika langoni bila kitambulisho na kuanza mabishano yasiyo na maana. Kwa kuwa humo ndani hakuna ruhusa ya kutembea kwa miguu, kinacholemea mfuko ni gari. Familia tatu au nne, chama cha akina mama au wanakwaya wakikodi matatu moja kwa siku, mzigo huo hugawanyika.

Asiyekuwa na gari ana Menengai. Kreta hiyo ina upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, ukingo wake wa juu kabisa uko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na mteremko wake wa kusini unaishia kwenye mitaa ya jiji lenyewe. Kutoka ukingoni huonekana moshi mweupe unaofuka chini: ni mvuke wa visima ambavyo Kampuni ya Uendelezaji wa Kawi ya Mvuke, GDC, ilianza kuchimba mwaka 2011. Wapandaji hufanya vyema kwenda kwa kikundi, asubuhi, na kushuka jua likiwa bado juu. Kuta za kreta ni za mawe legelege. Anayetaka kuteremka ndani atafute mwenyeji anayeijua njia.

Kasri la Egerton huko Ngata, njia ya Njoro, linatosha nusu siku. Bwana Maurice Egerton alianza kulijenga mwaka 1938, likakamilika 1954, naye akafa 1958. Inasemekana alimjengea mwanamke aliyemkataa. Hadithi hiyo kila anayeisimulia ana ya kwake.

Ukielekea Gilgil kuna Kariandusi, ambako Louis Leakey aligundua mashoka ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1920. Mashoka yenyewe yamelala pale pale yalipoachwa na watu wa kale sana, kabla hata ya binadamu wa leo kuwako. Pembeni yake ni Ziwa Elementaita. Mwari weupe huzalia kwenye visiwa vya ziwa hilo, kisha huruka hadi Nakuru kutafuta samaki wa kulisha makinda. Mtu akitazama juu asubuhi kutoka Gilgil huwaona wakipita kwa safu, bila kupiga mabawa, wakipandishwa na hewa ya joto. Hakuna tiketi ya kutazama angani.

Naivasha maji yake ni baridi, na nayo yamepanda. Wakazi wa Kihoto wanalijua hilo kuliko yeyote. Ufuo wa umma ni mdogo, na watu hukutana Karagita na Kamere kula samaki na kupanda mashua. Hakuna sababu ya kuingia mashuani bila jaketi la kuokolea, hata kama nahodha anacheka. Jua likikaribia kutua, viboko hutoka majini kuja kula nyasi, na mahali pabaya kuliko pote pa kusimama ni kati ya kiboko na maji.

Hell's Gate ni mbuga iliyotangazwa mwaka 1984, na ni moja kati ya chache nchini ambako mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swala. Baiskeli hukodishwa karibu na lango. Kwa kijana wa kaunti hii hakuna matembezi bora ya siku moja. Lakini ndani yake kuna korongo la Ol Njorowa, lililochongwa zamani Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kiasi cha kufurika upande wa kusini. Kuta zake zimebanana, pengine mikono miwili hugusa pande zote. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya mbali, maji hukusanyika na kuja kwa kishindo ndani ya korongo, huku juu ya vichwa vya waliomo mbingu ni buluu. Aprili 2012 vijana wa kikundi cha kanisa walikufa humo. Septemba 2019 wakafa watu saba, mwelekezi akiwa mmoja wao. Kuijua njia hakukumsaidia.

Kwa hiyo anayefika langoni aulize mambo mawili kabla ya kulipia baiskeli: kama korongo limefunguliwa siku hiyo, na kama mvua imenyesha popote upande wa juu tangu jana. Askari wa mbuga akisema hapana kuingia, asitafutiwe mwelekezi mwingine wa kupitia njia ya panya. Uwanda wa juu una nafasi ya kutosha: Fischer's Tower iko hapo, baiskeli iko hapo, na chakula kilichobebwa kutoka nyumbani huliwa vizuri chini ya mti wowote nyani wasipokuwa karibu.